Upepo wa Kwendea na Upepo wa Kurudia: Mazungumzo juu ya Ghuba ya Tanga

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za upepo, na maji, na mawingu, kwa watu wenye vyombo vidogo katika ghuba. Tumechagua ghuba moja, nayo ni Ghuba ya Tanga. Kwa maana habari za bahari zikielezwa kwa jumla husahauliwa upesi, bali zikielezwa kwa mahali panapojulikana hukaa moyoni. Aliye Kilwa, au Bagamoyo, au Lamu, asiseme kwamba hayamhusu. Mwezi ni ule ule, na pepo kubwa ni zile zile. Naye aipime ghuba yake kwa kipimo hiki, atazame mlango wake umeelekea wapi na rasi zake ziko upande gani, atakuta mengi yanamfaa.

Neno letu kubwa la leo ni hili: safari ya chombo kidogo haipimwi kwa kuondoka, hupimwa kwa kurudi. Mara nyingi chombo kinachopotea hakikutoka katika dhoruba, kwa kuwa hapana mtu mwenye akili atwekaye tanga dhoruba ikivuma. Hutoka asubuhi njema, maji yakiwa kama kioo, na upepo mwanana nyuma yake. Taabu huja saa nane au saa tisa, wakati wa kurejea, upepo ukiwa si ule, na maji si yale. Basi mtu asiyejiuliza asubuhi, "Nitarudi kwa upepo gani?" amekwisha kupotea, ijapokuwa bado anauona mji.

Kwanza tuitazame ghuba yenyewe. Mlango wake waelekea baharini, upande wa mashariki. Kusini mwa mlango iko Ras Kazone. Kaskazini iko nchi ya Chongoleani, na mbele yake kisiwa cha Ulenge chenye mnara wa taa. Ndani, mbele ya mji, kiko kisiwa kidogo cha Toten. Mito ya Sigi na Mkulumuzi humwaga maji yake humo, na pembezoni pana mikoko na matope. Nje ya mlango yapo mafungu na miamba ya matumbawe, penye samaki wengi, na ndiko waendako wavuvi. Kupita huko kina cha maji huongezeka ghafula, nawe umo katika mlango bahari wa Pemba, ambao ni wenye kina kikubwa mno, na kisiwa cha Pemba kipo ng'ambo. Hivyo mwenye ngalawa anayetoka Tanga hupita katika bahari tatu kwa muda mchache: maji ya ndani yaliyotulia, maji ya mlangoni yanayokwenda mbio, na maji makuu ya nje. Kila moja ina sheria yake.

Sasa tuzitaje pepo. Ziko pepo mbili zinazotawala mwaka, na wazee wetu walizijua tangu zamani sana. Kaskazi huvuma toka upande wa kaskazini na mashariki, tangu Desemba hata Machi. Kusi huvuma toka upande wa kusini na mashariki, tangu Aprili hata Oktoba, na nguvu zake kubwa ziko Juni, Julai na Agosti. Kati ya hizo mbili kuna nyakati za tanga mbili, pepo zinapogeuka na kutokuwa na hakika. Kwa kaskazi majahazi yalitoka Arabuni, na Ghuba ya Uajemi, na Bara Hindi, yakaja pwani yetu. Na kwa kusi yakarejea kwao. Nahodha aliyechelewa kuondoka hakuweza kuushinda upepo, alikaa akangoja. Hawa walikuwa na majahazi makubwa na mabaharia wengi, walakini hawakuona haya kungoja miezi. Sisi wenye ngalawa tuone haya kungoja siku moja?

Sababu ya pepo hizi si siri. Miezi ya Juni na Julai bara kubwa la Asia hupata moto mwingi wa jua. Hewa iliyo juu yake hupashwa moto, huwa nyepesi, hupanda. Na hewa ya baharini huvutwa kwenda kushika mahali pake. Huko ndiko atokako kusi. Desemba na Januari mambo hugeuka. Asia huwa baridi, hewa yake huwa nzito, hushuka na kutiririka kuja kusini, na huo ndio kaskazi. Basi upepo unaopiga tanga lako mbele ya Ras Kazone umetumwa na jua lililochoma nchi iliyo mbali nawe mamia na maelfu ya maili. Ndiyo maana hauna haraka ya kwisha.

Ndani ya ghuba pepo hizi hazina kazi moja. Wakati wa kusi, Ras Kazone huwa kama ukuta; chini yake, upande wa mji, maji hutulia, na mgeni hudhani kwamba nje nako ni vivyo hivyo. Akishatoka nyuma ya rasi hukutana na upepo wote kwa mara moja, na mawimbi yaliyotoka bahari kuu. Wakati wa kaskazi kinga hiyo huhamia upande wa pili. Waliofichwa nyuma ya Chongoleani na Ulenge hupata utulivu, na upande wa mji ndio upigwao zaidi. Kwa hiyo utulivu wa mahali ulipo si ushahidi wa utulivu wa mahali uendapo. Kabla ya kutweka tanga, panda mahali pa juu utazame nje ya mlango. Yaliyo huko ndiyo safari yako, wala si haya yaliyo miguuni pako.

Mbali ya pepo za mwaka ziko pepo za kila siku, nazo ndizo zimwongozazo mvuvi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari. Hewa yake iliyopoa hushuka na kutoka kwenda baharini. Nao ni umande, upepo wa nchi kavu, ambao huvuma vizuri zaidi kabla ya mapambazuko. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi hupanda, na ya bahari huingia. Upepo huo wa baharini huanza taratibu kama saa nne asubuhi, huongezeka kila saa, na hufika ukomo wake alasiri. Jua likishuka nao hulegea. Hivyo Mwenyezi Mungu amewapa wavuvi wa mahali kama Tanga upepo wa kwendea alfajiri na upepo wa kurudia mchana, wala hapana ada ya kulipa.

Lakini zawadi hii ina masharti. Wakati wa kusi chenye nguvu au kaskazi chenye nguvu, upepo wa mwaka huufunika umande, hata asubuhi ikawa na upepo wa baharini. Mchana navyo pepo mbili huungana: upepo wa msimu na upepo wa siku huwa mmoja, nao ndio wenye kuvunja milingoti. Kwa hiyo siku ya Julai ambayo saa moja asubuhi tayari ina upepo wa kutosha, isidhaniwe kuwa itabaki hivyo. Ukiona umande umekosekana, jua kwamba mchana utakuja na zaidi.

Tufike sasa kwenye maji. Kila mtoto wa pwani ajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku mmoja, na kwamba kila siku hukawia karibu dakika 50 kuliko jana. Ajua pia bamvua, wakati mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana, hata tofauti yake hupita mita 3. Na maji mafu, siku za mwezi nusu, tofauti inapokuwa ndogo. Ila wengi hawakutia akilini jambo moja ambalo twataka mlishike leo, nalo ni saa za bamvua. Pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku.

Angalieni maana yake. Siku ya bamvua maji hutoka ghubani tangu saa kumi alfajiri hata saa nne asubuhi, nayo ndiyo saa ya umande. Upepo na maji vyote viwili vyakusukuma nje. Kisha maji huingia tangu saa nne hata saa kumi alasiri, nayo ndiyo saa ya upepo wa baharini. Vyote viwili vyakurudisha nyumbani. Upepo na maji vikienda njia moja, mawimbi hulala.

Sasa tuhesabu siku nyingine. Siku tatu au nne kabla ya bamvua, yaani karibu na mwezi 11 na 12, au 26 na 27, maji hujaa karibu saa saba mchana, kisha huanza kutoka, na huendelea kutoka mpaka saa moja jioni. Wakati huo ndio upepo wa baharini ukiwa na nguvu zake zote, nao waingia. Mlangoni maji yatoka mbio, juu yake upepo waingia mbio. Hapo wimbi husimama. Huwa fupi, la kuchongoka, lenye kichwa kinachovunjika, na linalofuata liko karibu sana hata chombo hakipati nafasi ya kupanda. Mahali palipopitika asubuhi bila kulowa mguu pamekuwa mahali pa kufua maji kwa mikono yote. Upepo haukuzidi, wala bahari haikukasirika. Ni maji na upepo tu vimegombana, nawe umepita katikati yao.

Dawa yake ni nyepesi. Ama rudi mapema, kabla maji hayajaanza kutoka. Ama, kama nje pana mahali pa kutia nanga penye kinga, ngoja mpaka mtoko umepungua. Na siku za masika ongezeni tahadhari, kwa kuwa Sigi hushuka toka milima ya Usambara na maji mengi, huongeza nguvu ya maji yatokayo, na huleta magogo yanayoelea nusu, yasiyoonekana mpaka yamegonga ubao.

Nje ya mafungu liko jambo jingine. Pwani hii ina mkondo mkubwa wa bahari unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huweza kufika maili 4 za bahari kwa saa. Wakati wa kaskazi hupungua sana, lakini mbele ya Tanga haugeuki. Karibu na ufuo, ndani ya mafungu, nguvu yake ni chache. Ukitoka nje ndipo ukushikapo. Mtu aliyeketi kuvua kwa mshipi bila kutia nanga, katika mkondo wa maili 3 kwa saa, kwa muda wa saa 4, amechukuliwa maili 12. Hakutweka tanga, hakupiga kafi, naye amekwisha kusafiri kuelekea Moa na mpaka wa Kenya. Akitaka kurudi wakati wa kusi, upepo uko mbele yake na mkondo uko mbele yake. Atapiga bisha huku na huku mpaka jua lichwe, na ufuo ni ule ule. Hapa ndipo neno letu la kurudi lionekanapo wazi kabisa. Kutoka na kuingia ghubani, upepo wa siku hukusaidia; bali kwenda kusini na kaskazini, upepo wa mwaka ndio mwenye amri, nao habadili shauri kwa jua kuchwa.

Wakati wa kaskazi ipo hatari ya namna nyingine. Upepo washuka kusini, mkondo wapanda kaskazini. Navyo vikikutana huleta yale yale tuliyoyasema ya mlangoni, mawimbi mafupi yaliyosimama, ila sasa katika maji mapana, mbali na ufuo. Kwa hiyo kaskazi la wastani huweza kufanya bahari ya nje iwe mbaya kuliko upepo wake ulivyo.

Upepo nao hupimwaje? Mwaka 1805 ofisa wa manowari za Kiingereza, Francis Beaufort, alianza kupanga kipimo cha upepo kinachotumia macho tu. Hata sasa kipimo hicho hutumika, tangu daraja 0, hewa iliyotulia kabisa, hata daraja 12, tufani kubwa. Kwa mtu wa ngalawa tutachukua kidogo tu. Ukiona vilele vyeupe vya povu vimeanza hapa na pale, upepo ni kama kilomita 12 hata 19 kwa saa. Ukiona vilele vyeupe mara kwa mara kila upande, ni kama kilomita 20 hata 28. Ukiona mawimbi makubwa, vilele vyote vyeupe, na rasharasha ya maji yapeperushwa, umefika karibu kilomita 40 au zaidi, na chombo kidogo hakina kazi huko.

Wanafunzi na washike hesabu hii pia. Nguvu ya upepo juu ya tanga haiongezeki sawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara 2, nguvu huzidi mara 4. Mwendo ukizidi mara 3, nguvu huzidi mara 9. Basi aliyetoka asubuhi kwa upepo wa kilomita 20 kwa saa, na mchana ukawa kilomita 40, asiseme upepo umeongezeka maradufu. Tanga lake sasa lavutwa mara 4. Kamba ni ile ile, mlingoti ni ule ule, na mikono ya mshika shikio ni ile ile. Hiyo ndiyo sababu ya kutua tanga mapema, au kuweka tanga dogo, wakati bado waona kama si lazima. Likiisha kuwa lazima, mara nyingi haliwezekani tena.

Tena ziko dhoruba za ghafula, hasa wakati wa masika na wa vuli. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Litazameni wingu jeusi lenye ukingo ulionyoka chini, kama mstari uliopigwa kwa rula. Upepo ukikatika ghafula na joto likawa zito, ukaja ubaridi usoni, na maji chini ya wingu yakabadilika rangi kuwa meusi au meupe, dhoruba imefika. Usingoje kuona itapita upande gani. Tua tanga, lifunge lisipepee, fungeni vitu vyote, watu wakae chini katikati ya chombo, na mdomo wa chombo uelekee wimbi. Kwa kawaida dhoruba ya namna hii haikai sana. Anayeivumilia bila tanga huokoka, na anayejaribu kuikimbia kwa tanga zima ndiye apinduliwaye.

Kuhusu tufani kubwa, pwani ya Tanga ina bahati, kwa sababu iko karibu digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Tufani huzunguka kwa ajili ya mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo mno. Lakini bahati si ahadi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikavunja karibu vyombo vyote bandarini, pamoja na merikebu za Sultani Barghash, ikaangusha mikarafuu na minazi kwa wingi, Pemba ikasalimika. Aprili 1952 tufani ilipiga Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu.

Tazameni tofauti ya mwaka 1872 na mwaka 2024. Watu wa Unguja wa zamani hawakuwa na njia ya kupata habari kutoka mbali. Tufani iliwafikia wakiwa katika kazi zao. Mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kutangaza habari za Hidaya kabla haijafika, na watu wakapata nafasi ya kuvuta vyombo vyao juu. Tangazo halikuzuia upepo. Lilizuia watu wasikutwe mahali pabaya. Basi mnaposikia katika redio kwamba upepo utafika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, msiyachukue maneno hayo kama wimbo wa kupitisha saa. Ninyi sasa mnajua maana ya kilomita 40.

Wako watakaosema, "Wazee wetu walivuka bila redio." Ni kweli, na twawaheshimu. Lakini wazee hao walikuwa na matangazo yao: nyota, na mawingu, na rangi ya maji alfajiri, na siku za mwezi. Walipoona haifai, walikaa chini ya mnazi wakashona matanga. Anayewafuata wazee katika kuondoka, awafuate na katika kukaa.

Wako na wengine watakaosema, "Sisi tuna mashine, upepo hautuhusu." Nao twawajibu hivi. Mashine hukupeleka mbali upesi kuliko tanga. Kwa hiyo hukuweka mbali na nyumbani kabla hujafikiri. Kurudi dhidi ya upepo na wimbi hula mafuta mengi kuliko kwenda. Kanuni ya mabaharia wengi ni kuyagawa mafuta mafungu 3: moja la kwendea, moja la kurudia, na moja lisiguswe ila kwa shida. Wala ukubwa wa chombo si kinga. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na Chumbe, na upepo na mawimbi ni makali, watu wengi wakafa. Ilikuwa Julai, mwezi wa kusi. Ikiwa meli yenye mashine yapinduka katika bahari hiyo, ngalawa yako yenye mashine ndogo na iwe na adabu.

Tusidanganyane, ndugu wasikilizaji. Kukaa ufukweni kuna gharama. Mvuvi asiyetoka leo hana samaki wa kuuza leo, na watoto hawali maneno ya redio. Twalijua hilo, na ndiyo sababu hatusemi na mshika shikio peke yake. Twasema na mwenye chombo: usimsukume nahodha kwa maneno ya hasira wakati anakuambia bahari haifai, chombo chako hukodishwa, roho yake haikodishwi. Twasema na wachuuzi wa samaki wangojao ufukweni: msimcheke aliyerudi mtungo mtupu kabla ya saa sita. Twasema na jamaa nyumbani: siku ya upepo muiweke akilini tangu siku ya samaki wengi, akiba kidogo ikae, ili njaa ya siku moja isimpeleke mtu penye kifo. Na twasema na vijana: kugeuza chombo si woga. Woga ni kuogopa kuchekwa kuliko kuogopa maji.

Basi tufunge mazungumzo haya kwa maswali matano, nayo myakariri alfajiri kabla ya kusukuma chombo. La kwanza: huu ni msimu gani, na upepo wake watoka wapi? La pili: leo umande upo au haupo? La tatu: leo ni mwezi ngapi, na saa nitakayorudi maji yatakuwa yaingia au yatoka mlangoni? La nne: redio imesema nini, na mawingu yasema nini? La tano: nani ufukweni anajua nilikokwenda, na saa niliyoahidi kurudi? Likikosekana jibu hata la moja, safari haijawa tayari. Pamoja na majibu hayo chukueni kata ya kufulia maji, nanga na kamba yake ndefu, kafi za akiba, maji ya kunywa, na kitu cha kuelea kwa kila mtu, si kwa nahodha tu.

Mnaona kwamba katika maswali hayo hakuna linalouliza kama asubuhi ni nzuri. Asubuhi huwa nzuri mara nyingi, wala haina habari za alasiri. Wahenga walisema, bahari haishi zinge. Mwenye kuijua haichukii wala haiogopi kupita kiasi. Huiuliza kwanza, kisha huondoka, au hukaa.

Twawatakia wavuvi na mabaharia wote upepo mwema wa kwendea, na ulio mwema zaidi wa kurudia. Kwa herini.